Vidonge vya Usingizi Ulivyomletea Mama

Barani, Malindi
Mfungo Mosi, 1986

Kaka yangu Salim,

Sikuulizi hali. Barua yako ya juzi imenijulisha kuwa u mzima na unalala vizuri, kisha ikaniamuru niendelee kumpa Mama vidonge. Kifungua mimba umesema, sisi tutii.

Unakumbuka Shaabani ulipokuja kwetu siku mbili? Mama aliamka usiku kama ilivyo ada yake, akawa anapanga makabati na kuchagua mchele. Asubuhi ulitoka chumbani macho yamekuvimba, ukasema nyumba hii haina mtu mwenye akili. Jioni ukarudi kutoka dukani na kichupa cha vidonge. Ulimnunulia Mama usingizi ili ulale wewe.

Uliketi kitandani pake ukamfasiria kikaratasi cha Kiingereza. Nilisimama nyuma yako nikikisoma. Palipoandikwa kwamba wazee watahadhari, kwamba dawa huweza kuwalegeza miguu na kuwavuruga akili, uliparuka. Mama akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, Mama."

Nami niliyesoma kuliko wewe nikanyamaza, eti kwa kuwa wewe ni kaka. Najidharau kwa hilo, karibu kama ninavyokudharau wewe.

Sikunyimi haki yako: alilala. Wiki ya kwanza alikuombea dua kila baada ya swala. Uso ulimkunjuka, akapika mkate wa sinia, jambo ambalo hakulifanya tangu Baba atutoke. Baadaye akaanza kuniuliza kama ameshaswali, na mara mbili akaniita kwa jina la shangazi aliyekwisha kufa. Nilikuandikia. Ukanijibu kwamba mimi ni mwalimu wa watoto, si daktari.

Ikaingia Ramadhani. Ulikuwa umeandika kwenye kichupa, "Kimoja wakati wa kulala." Wewe, mzaliwa wa Malindi, hukujua watu hulala saa ngapi mwezi huo? Mama alikuwa akimeza chake baada ya daku, anaswali alfajiri, ndipo anajinyoosha. Siku moja saa nne ya asubuhi aliinuka kwenda chooni, dawa ingali imemshika, akaanguka. Mkono wa kulia ukavunjika.

Daktari alisema dawa ya namna hii hukawia mwilini mwa mzee. Ya jana haijaisha, ya leo yaongezwa juu yake. Hakuilaani. Alisema wapo wanaoihitaji kwa siku chache, wakiangaliwa. Akamuuliza Mama hunywa kahawa saa ngapi, na mchana hulala kiasi gani. Wewe hukumuuliza hata moja. Akatuonya tusiikate ghafla, tuipunguze kidogo kidogo.

Nilimweleza Mama yote, na amri yako pia, nikamuuliza anataka nini.

"Nilipenda kulala, mwanangu," akasema. "Usingizi kama ule sikuuona tangu usichana. Lakini hesabu ya swala zangu haiwezi kukaa kichwani mwako. Punguza."

Kisha akacheka kidogo. "Na Salim mwambie, akija tena, hoteli za Wazungu zi tele hapa mjini. Akalale huko."

Basi hilo ni jibu lake. Langu lingekuwa kali zaidi. Usitume kichupa kingine.

Dada yako