Skana Iliyozikwa Majengo

Majengo, Dodoma
Juni, 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, asije akasema nimemsahau. Mgongo unaendeleaje tangu mmalize kupura mtama? Na mdogo wangu Devota, ameacha kulilia hesabu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kichwa kimenivimba kidogo, unisamehe. Ukimaliza kusoma utaona nina haki.

Barua hii nimempa Mama Priska, mwalimu wenu wa kwaya, aje nayo pamoja na kanda zenyewe. Najua mlimtuma Dodoma kwa ajili ya kava za kanda ya kwaya na hamkujua ataipeleka kazi hiyo duka gani. Aliuliza uliza sokoni, akaelekezwa kwetu, akaingia, akanikuta mimi mezani. Tulikumbatiana mpaka wateja wakaulizana kama tuna msiba.

Msiba ulikuwepo, Baba, ila mwingine. Hapa kwenye duka la uchapaji la Bwana Hassani kazi zote zenye picha zinapitia kwenye skana, ile mashine bapa yenye kioo. Unailaza picha kifudifudi, taa inapita chini yake, na picha inatokea kwenye kompyuta. Kompyuta yetu ilikuwa imechoka, inaganda katikati ya kazi mpaka watu wanasinzia kwenye benchi. Mimi ndiye niliyemsumbua Bwana Hassani tubadilishe mfumo wake, tuweke mpya unaosifiwa na kila mtu, hadi akachoka kunisikia na kumwita fundi Seth. Seth akauweka. Kompyuta ikawa nyepesi ajabu, nami nikazunguka duka zima nikijisifu. Skana ndiyo iliyogoma. Kila nikiiwasha, kompyuta inasema haijaona kitu chochote.

Nikueleze kwa lugha ya shambani. Ni kama maksai wako waliozoea amri za Kigogo, halafu plau umkabidhi mtu wa Moshi asiyejua hata neno moja. Ng'ombe wazima, mtu mzima, ila hawaelewani. Panatakiwa programu ndogo ya kuwatafsiria, wenyewe wanaiita draiva, na ya kwetu ilijua kutafsiri kwa mfumo wa zamani tu. Seth akasema waliotengeneza skana ile hawashughuliki nayo tena, tutafute nyingine.

Kesho yake ndipo Mama Priska akaingia na picha ya kwaya. Picha moja tu, na negativu ilishaliwa na panya. Alitaka kava kabla ya basi la Jumamosi, kwa kuwa Jumapili ndiyo Sikukuu ya Mavuno na kanda inazinduliwa. Bwana Hassani akaipokea kazi, kisha akaniambia mbele yake kwamba aliyeleta balaa ndiye atakayeliondoa, na kama kava hazitapatikana, basi hilo la Jumamosi litanibeba na mimi na begi langu.

Sikulia kwa ajili ya kazi, Baba. Niliwaza ule mwaka ulipokataa posa ukanileta Dodoma kusoma kompyuta, na baba mdogo Abeli akasema kwenye kikao cha ukoo kwamba mtu mwenye mabinti watupu akianza kuwasomesha, jina lake litaishia kwake mwenyewe. Nikajua nikishuka kwetu Kibakwe na begi, atakurudia neno hilo maisha yako yote.

Nikaenda duka la intaneti. Intaneti yao, ukurasa unafunguka wakati umeshasahau ulichouliza. Nilisoma kwa Kiingereza changu cha sekondari, kamusi mapajani, hadi nikamkuta mtu wa nchi ya mbali ameandika kwamba skana kama yetu na ile iliyoifuata kiwandani ni ndugu wa tumbo moja, na draiva ya mdogo inamfaa mkubwa. Nikaomba wanichomee draiva hiyo kwenye CD, nikarudi Majengo mbio.

Sasa, nikiwa huko, dukani watu walikuwa matangani. Nafanya kazi na Cornel, Mhehe wa Iringa, na wewe unajua watani wetu wale. Aliposikia skana ya Mgogo imekata roho, akaona hiyo si ya kuiacha ipite. Akaifunika kanga, akaketi mlangoni akilia kwa sauti na kudai rambirambi, akisema marehemu ameuawa na binti wa Kigogo mpenda makuu. Wauza nafaka wakaja kutoa pole, wengine wakatoa karanga. Kisha yeye na mbeba mizigo mmoja wakaibeba kwa nyimbo mpaka stoo, wakaizika chini ya maboksi ya karatasi. Na mtani hakasirikiwi; ukinuna umeshindwa. Nikamfukua marehemu wangu, nikala karanga za rambirambi, nikaketi kazini.

Nikaiweka draiva. Kompyuta ikaitambua skana, taa ikawaka, moyo ukanidunda. Halafu skana ikakoroma vibaya, kama jiwe la kusagia lisilo na nafaka, na taa haikusogea hata kidogo. Nikaifuta draiva, nikaiweka upya. Ikakoroma tena. Bwana Hassani akaja akasimama nyuma yangu, akaniambia kwa upole nikafungashe vitu vyangu. Ule upole ndio ulionitoa machozi.

Nikajifuta uso nikafikiri. Kama draiva ingekuwa mbovu, kompyuta ingeitambuaje? Lugha sasa wanaelewana. Kinachozuia kiko mwilini, na kabla ya hapo mashine haikuwa ikikoroma. Imepatwa na nini katikati? Imepatwa na kuzikwa. Nikamwita Cornel nikamuuliza waliibebaje. Akajibu kwa fahari kwamba Wahehe humbeba marehemu kwa heshima zake, na kwamba kabla ya kuinyanyua alisoma kibandiko kinachosema ufunge komeo ukitaka kuisafirisha, naye akalifunga. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikaiinamisha skana, nikaliona komeo dogo la plastiki huko chini, limefungwa barabara. Nikalifungua kwa kucha.

Taa ikatembea, Baba. Ikatembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na picha ikaanza kushuka kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Bati la kanisa, kisha safu ya besi, na wewe katikati yao umeinua kidevu kama kawaida yako. Nilimwonyesha Bwana Hassani nikamwambia yule ni baba yangu. Akavua kofia akakusalimu pale pale kwenye kioo cha kompyuta, akaniomba radhi mbele ya watu wote. Cornel nimemtoza fidia: amezunguka soko zima akitangaza kwamba alimzika mtu akiwa hai.

Limebaki moja, nalo ni la kukiri, kwa sababu sikukuomba ruhusa. Nyuma ya kava huwa panawekwa jina la duka. Nilimwomba Bwana Hassani pawekwe na jina la aliyeitengeneza. Akafikiri, akasema sawa, niandike Zipora, inatosha, nafasi ni finyu. Nikapunguza herufi mpaka zikaenea: Zipora Nikodemo Chilongani. Duka nililiweka chini yetu. Kama umechukia, maji yameshamwagika. Kava zimechapwa zote, na Mama Priska anasema kanda zitauzwa mpaka Mpwapwa, Kongwa na kwingine ambako hakuna anayekujua.

Mpelekee baba mdogo Abeli nakala yake ya bure. Mwombe akusomee yaliyoandikwa nyuma, mwambie macho yako siku hizi hayaoni herufi ndogo. Akimaliza, mwombe arudie.

Wasalimie majirani wote na wanakwaya wenzako, hasa wa besi. Mwambie Mama sabuni aliyoagiza iko ndani ya kifurushi. Mungu awalinde, nami naendelea na kazi.

Ni mimi mwanao,
Zipora Nikodemo Chilongani