Lengalenga za Mama Furaha

Nakivale, Jumanne

Hajala tena. Tangu turudi kutoka hospitali ya Mbarara, mke wangu anakunywa uji tu. Leo mchana aliomba lengalenga, mchicha wa kwetu, nami nikafurahi kupita kiasi.

Nilichuma nyuma ya nyumba, nikakaanga kitunguu kwa mawese, nikatia majani. Kisha nikafunika sufuria na kuketi, kama nilivyomwona yeye akipika sombe, majani ya muhogo yanayochemka muda mrefu, miaka yote. Nilipofunua, majani yalikuwa meusi na rojorojo.

Aliitazama sahani, akacheka kidogo.

"Baba Furaha, ulifunika? Hii haiko sombe! Unatia, unageuza, unatosha kwa moto. Mbiombio!"

"Nitapika nyingine."

"Lete hii kwanza. Ni mara ya kwanza unanipikia."

Alikula vijiko viwili, akageukia ukuta.

Nilichuma tena, nikapika bila kifuniko. Zilitoka kijani kibichi, kama zake. Nilipompelekea, alitikisa kichwa bila kufumbua macho.

Daktari alisema ni lazima ale. Hakusema nifanye nini asipoweza, wala mimi sikumuuliza.

Sahani bado iko mezani. Nimeifunika, nikaifunua tena.