Barabara Tuliyokwisha Kuilipia

Jumatatu, 3 Novemba
Nimemenya ndizi, nimemwaga majivu, nimekaa. Mkamwana wangu Editha anaandika, mimi kalamu siijui. Andika ninavyosema, mama, usininyooshe. Mzee wangu anakohoa tangu jana. Mwanangu Deo, wa bodaboda, kanieleza jambo: kila lita ya petroli anayonunua, ndani mna hela ya barabara. Inakatwa humo humo. Yamawe! Miaka yote analipa, na njia yetu ya bondeni hata mbuzi anaisusa. Mbuzi wetu naye, yule mweusi, kala tena maharage ya jirani. Sina hamu.

Jumatano, 5 Novemba
Mwenyekiti wa kitongoji kaita msaragambo. Kila nyumba itoe mtu na jembe, tuzibue mtaro, tujaze mawe korongoni kabla mvua haijakolea. Nikasimama. Mdomo wangu huu.
"Mwenyekiti, barabara tumeshailipia kwenye petroli. Tukipanda pikipiki tunalipa. Kahawa ikipanda gari inalipa. Sasa na mgongo nao ulipe?"
Makofi.
"Mama Deo, mvua haisubiri hela zako."
"Basi ikawadai waliozichukua!"
Wakacheka mpaka basi. Wanaume wakabeba majembe, wakarudi makwao. Nikajiona mtu.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Kanisani sikwenda. Korongo limekula njia yote. Mzee ana homa, anapumua kwa kuvuta. Naogopa.

Jumatatu, 10 Novemba
Deo alimpakia baba yake, Editha nyuma anamshikilia. Mimi kwa miguu. Korongoni pikipiki haikupita, ukingo umemeguka. Deo akapiga yowe. Wanaume wakaja na engozi, machela yetu ya kubebea wagonjwa. Wale wale niliowarudisha nyumbani. Wakamvusha, maji kifuani. Ng'ambo gari likatafutwa, likachelewa. Kafia mlangoni mwa hospitali. Daktari kasema tungewahi kidogo.
Basi, Editha. Usiandike.

Alhamisi, 13 Novemba
Tulimzika jana, kwenye migomba aliyoipanda kabla hajanioa. Alikuwa na mkono wa migomba, huyo. Alikuwa haongei. Mimi nilikuwa naongea kwa ajili yetu wawili.
Bado nasema tulilipa. Hela imekwenda wapi, anayejua aseme. Mabarabara ya lami huko mbali yanang'aa, sisi tunavuka na maiti mabegani. Nilisema kweli mbele ya watu wote. Na kweli hiyo haikujaza hata jiwe moja.

Jumamosi, 22 Novemba
Kumetulia. Wanawake walikuja na maharage na kidumu cha omubisi, juisi yetu ya ndizi. Mmoja kanichagulia buni, punje mbovu kando, nzuri kando. Hakuniacha ninyanyuke. Mwenyekiti naye kapita. Kaniuliza nimeamkaje, kaniambia nile.
Hakuna anayenisema. Nilikaa nao mchana mzima nikingoja mmoja aanze.