Neno Uliloniita Dukani

Scarborough, 4 Novemba 1957

Mpendwa Hester,

Natumai hujambo, na kifua kimepoa. Mimi mzima, ila magoti.

Uliponiita "gossip" dukani, yaani mmbea, watu wote wakisikia, nilihama kijijini Muker na neno hilo kichwani. Juzi nilimwomba bwana wa maktaba anitafutie limetoka wapi. Anasema wahenga wetu walitamka "godsibb": "god" ni Mungu, "sibb" ni undugu. Wajerumani bado wanalo neno la ukoo huo, "Sippe". Basi maana yake ilikuwa ndugu kwa Mungu, mzazi wa ubatizo. Baadaye wakaitwa hivyo wanawake wanaokaa na mwenzao akijifungua, wakiongea na kucheka kumpa moyo. Maana ya umbea ilikuja mwisho.

Nikakumbuka siku aliyozaliwa binti yako Bella. Theluji imefika dirishani, mkunga amekwama kijiji cha Reeth, mimi na mama yako tunachemsha maji, wewe unalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kanisani nikambeba mimi.

Hajambo mwanangu?

Mama wa ubatizo wa Bella,
Annis


Muker, 9 Machi 1958

Annis,

Barua nimeipata. Kifua ni kilekile.

Mume wangu aliponikimbia, kijiji kizima kilijua kabla yangu. Nawe ulijua, ukawaambia wao badala yangu. Ndiyo maana nilikuita vile, sikuwa natafuta asili ya maneno.

Bella hajambo. Ni mjamzito, atajifungua mwezi wa tano. Anakuulizia mpaka nachoka.

Hester


Scarborough, 13 Machi 1958

Hester mpenzi,

Pole na kifua. Hongera kwa mjukuu.

Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilikuja kwako nikuambie, nikakukuta unamwekea mumeo chai mezani, nikarudi na habari moyoni. Ningejua utayasikia kwa watu, ningesema.

Mbusu Bella. Namsalimu mama yako.

Annis


Muker, 28 Aprili 1958

Mpendwa Annis,

Hujambo? Magoti je?

Mama hakuzipata salamu zako. Tulimzika baada ya Krismasi. Nilikaa na kalamu mara nyingi nikuandikie, nikashindwa nianzie wapi.

Jana Bella aliniuliza nani atakaa naye siku ikifika. Nikamwambia, "Mimi na Annis." Sikukuuliza kwanza, nisamehe. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii. Mimi sikulala.

Basi la Richmond linafika saa tisa alasiri. Nimekutandikia kitanda cha mama, karibu na moto. Njoo, Annis. Mbele ya Bella najikaza, lakini naogopa sana.

Nduguyo,
Hester