Kuomba Mavi Ukweni

Kalemie, 8 Oktoba 2023

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana na kuulizia mgongo wako, maana uliniacha na wasiwasi. Mimi mzima, joto la huku tu ndilo linalonionea.

Nakutumia dawa kwa mkono wa Mama Émérence, anayerudi huko kwenu Moba kwa boti baada ya kuuza maharagwe yake. Ni dawa ya minyoo na kupe tunayouza dukani kwetu. Haina sindano. Mvua ikianza, mmwagie kila ng'ombe mgongoni, kuanzia mabegani hadi mkiani. Nimeweka chupa tatu ili usipungukiwe.

Nadine anakusalimu, masomo yake ya uuguzi yanakaribia mwisho. Anaomba umkumbushe baba yake, Papa Symphorien, kwamba kikao cha kupokea mali ya ndoa yetu tulikiahidi Pasaka. Wewe uko karibu, ni kuvuka kijito tu.

Mwanao,
Éliézer

Marungu, 21 Januari 2024

Éliézer mwanangu,

Salamu zimefika, nami nakurudishia zangu. Mgongo unauma pale ninapoukumbuka. Wewe je, unakula? Usinidanganye.

Dawa ni nzuri. Kupe wametoweka, ng'ombe wanang'aa. Chupa ziliisha kabla ya Noeli, tuma nyingine.

Lakini kuna jambo sikupenda kuliandika. Malisho yetu yamejaa mavi. Ya tangu Noeli yangali pale, magumu kama matofali, na chini yake majani yamekufa. Ng'ombe hawali karibu nayo na maziwa yanapungua. Wale wadudu weusi wanaosukuma mavi, mliowachezea utotoni, siwaoni tena. Ng'ambo ya kijito, kwa Papa Symphorien, mavi yanaisha kwa siku chache na majani ni mabichi. Mvua ni ileile, udongo ni uleule. Nani amewachukua wadudu wangu akawapeleka kwake? Watu wanasema maneno, nami nina masikio. Jumapili baada ya misa alininyooshea mkono, nikampita.

Kikao cha Pasaka mimi sikai. Siwezi kupeleka mali kwa mtu anayenifungia malisho kwa uchawi. Nakupenda, ndiyo maana nakuambia mapema.

Mama yako

Kalemie, 4 Februari 2024

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa haraka. Baada ya barua yako nilikaa chini kwanza. Nadine nimemsomea mwanzo tu, mwisho nimemficha.

Kabla hujamnyima tena Papa Symphorien mkono, niambie kitu kimoja. Ile dawa umeimwaga mara ngapi?

Mwanao mwenye hofu

Marungu, 18 Februari 2024

Éliézer,

Mimi mzima, lakini swali lako limenishangaza. Uliandika mwenyewe: mvua ikianza, mmwagie. Basi kila ilipoanza, nilimwagia. Huku inaanza asubuhi, inakatika, jioni inaanza tena. Ya jioni nilikuwa naiacha, hata mimi nina mgongo. Nilipima kwa kijiko cha chai ili dawa ifike kwa wote. Nilijua mvua inaiosha, ndiyo maana umenielekeza hivyo. Nimekosea wapi?

Mama yako

Kalemie, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Nilimaanisha mvua za mwaka. Mara moja, basi, hadi mwaka mwingine. Aliyeandika vibaya ni mimi.

Mvua haiitoi ile dawa. Inaingia ngozini, inazunguka mwilini, inatoka na mavi. Wadudu wanayala na kutaga humo, na watoto wao wanafia humo. Hakuna aliyekuchukulia. Tumewaua sisi wawili, Mama, kwa nia njema kabisa.

Usiwamwagie tena. Akiugua mmoja, tutamtibu huyo peke yake. Halafu uchukue mavi mabichi yenye wadudu ndani, kwenye malisho yasiyopata dawa, ukayamwage kwako. Malisho ya karibu unajua ni ya nani.

Najua ninachokuomba. Mama wa bwana harusi haendi kuomba kitu ukweni kabla mali haijapokelewa, hata chumvi. Tena umemnyima mkono. Lakini usipokwenda sina kikao, na bila kikao sina Nadine. Nampenda, Mama. Sijui namna nyingine ya kukuandikia.

Mwanao

Marungu, 24 Machi 2024

Éliézer wangu,

Mimi mzima, na aibu ninayo. Wiki nzima nilikuwa nafika kijitoni, narudi. Mwishowe nikavaa kitenge cha Noeli, nikachukua beseni, nikaenda kusimama nje ya ua wao.

Papa Symphorien akatoka. "Mama mukwe, kuna nini? Mutoto ni muzima?"

"Ni muzima. Nimekuja kuomba mavi."

"Mavi ya nini?"

"Ya ng'ombe. Yenye wadudu ndani."

Nikamweleza yote, hadi yale niliyomfikiria. Nilitaraji acheke, hakucheka. Akasema, "Tangu ile misa silale muzuri. Nilisema, huyu mama amekataa mutoto wangu." Machozi yalimlengalenga, na mimi pia. Nikamwomba radhi, akanipa mkono.

Kisha akaninyang'anya beseni. Alisema iliyokatazwa ukweni ni chumvi, mavi hakuna babu aliyeyataja. Akalijaza mwenyewe, akajitwika kichwani, mzee mzima mwenye mvi, akavuka kijito majirani wakimtazama. Jana ameleta tena. Wadudu bado ni wachache, lakini wapo.

Kuhusu mali ameongeza sharti moja: ng'ombe wa Nadine asimwagiwe tena kitu mgongoni. Nimemwambia ni haki yake.

Kikao ni Jumatatu ya Pasaka, nyumbani kwake, nami nimeshapewa kiti. Panda boti, mwanangu. Mke unaye.

Mama yako