Kashata za Krismasi Ulizosema Umezipika Wewe

Baba Anastazia,

Salamu zako zimefika. Mwanao Anastazia karudi kutoka Chunya, kasema umezeeka, miguu inakusumbua, unataka kurudi Ufipa kumalizia siku zako nyumbani kwangu. Kasema pia kwamba umenisamehe. Umenisamehe! Nilikuwa nachambua maharage, nikayaacha hapo hapo. Nimemwambia Anastazia akae aandike ninayosema, na akikuletea akusomee kwa sauti, hao wazee wenzako wa kilabuni wasikie wote. Sina siri na wewe.

Unaikumbuka Krismasi yetu ya kwanza kwenye kijiji cha ujamaa, kule njia ya Mwimbi? Wewe ndiye muuza duka la kijiji. Sukari ilikuwa ya mgawo, kikombe kimoja kwa kila nyumba, tena siku ikija. Nilikunywa uji wa ulezi bila sukari tangu mavuno hadi Desemba ili nikuwekee wewe. Kashata nilifundishwa na mama mmoja wa Kiislamu pale Mazwi, mke wa mwenye duka, nilikokuwa nafanya kazi za ndani kabla hujanioa. Unakaanga karanga, unapepeta maganda, unachemsha sukari mpaka ukiidondosha kwenye maji baridi inaganda, unachanganya, unamwaga kwenye sinia na kukata ingali moto. Niliungua kidole. Nikazifunga moja moja kwa karatasi za daftari, nikazipanga kwenye kopo, nikakupa asubuhi ya sikukuu. Ukala moja, ukafumba macho, ukasema, "Mama Anastazia, Mungu kanipendelea." Mjinga mimi, nikalia kwa furaha.

Wiki iliyofuata nikakutana na bibi shamba kisimani. Yule binti wa Mbeya, mgeni, aliyeletwa kutufundisha kilimo, aliyekaa nyumba ya serikali karibu na ofisi ya kijiji. "Shikamoo mama," akanisalimia kwa adabu zote. Kisha akacheka. "Jamani, mume wako fundi! Zile kashata alizonipikia, kasema alijifunza jeshini. Kumbe huko wanafundisha na mapishi?"

"Marahaba," nikamwambia. "Ndiyo, ni fundi sana."

Yule binti sikumchukia, naye alidanganywa. Nilikuchukia wewe. Ungezigawa tu ningeumia, nikapona. Lakini kidole niungue mimi, sifa ubebe wewe ukatongozee! Hiyo haikunitoka. Mwaka mzima nilikupikia, nikakufulia, ukiniita naitika, na sikusema neno.

Krismasi ya pili ikakaribia. Dukani sukari haikuwa imeonekana kwa miezi, na kila siku unawaambia watu, "Lori halijafika, ndugu zangu, tuvumilie." Wajawazito wanavumilia. Vikongwe wanavumilia. Nikaingia kihengeni kutoa ulezi wa pombe ya sikukuu, na mkono ukagonga gunia. Sukari ya kijiji, umeifukia chini ya ulezi wangu! Hukujua kwamba pombe ya Krismasi inakula ulezi mwingi hadi kihenge kinaonekana chini. Ungejuaje, wakati hujawahi kupika chochote maishani mwako?

Ulikuwa umeenda mkutanoni mjini, siku mbili. Nilizitumia zote. Nilikaanga debe la karanga, nikachemsha sukari sufuria baada ya sufuria, na nilipochoka nikakumbuka uongo wako, nikapata nguvu. Nusu ya gunia nikaiacha palepale ilipokuwa.

Siku ya Krismasi, watu walipotoka kanisani, nilisimama mlangoni na ungo. "Chukueni, zawadi ya sikukuu kutoka kwa mume wangu." Na wewe na suti yako ya Kaunda, watu wanakuja kukushika mkono, "Asante sana, muuza duka," unachekelea tu, "Karibuni, karibuni," hata hujaangalia wanatafuna nini. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeacha kutafuna. Akaitazama ile kashata, akakutazama wewe.

"Muuza duka, sukari hii imetoka wapi?"

Ukaninyooshea kidole. "Muulizeni mke wangu, yeye ndiye..." Hukumaliza. Bibi shamba akapaza sauti, mdomo umejaa kashata, "Acha kujificha wewe! Huwa anapika mwenyewe, hata mwaka jana alinipa kopo zima!"

Hakuna aliyecheka. Walikwenda moja kwa moja hadi nyumbani, na mimi nikawaonyesha kihenge.

Kabla ya mwaka mpya ulikuwa umetoroka, ukaniachia watoto watatu. Waliitwa watoto wa mwizi wa sukari shuleni, miaka na miaka. Hilo liliniuma na bado linaniuma, na wanangu nimewaomba radhi. Wewe hapana.

Sasa Anastazia ananiambia kwamba siku zote hizi umewasimulia kuwa mama yao alikuwa mshamba mwenye moyo mwema, aliokota sukari akapika kwa mapenzi, hakujua anamponza mumewe. Ndiyo maana umenisamehe. Maskini, umeishi na faraja hiyo mpaka mvi zimekuota.

Haya, sikiliza vizuri. Nilijua ni sukari ya wizi. Nilijua mwenyekiti atauliza, maana ungo wa kwanza nilimpelekea yeye. Nilipokuona unachekelea ningeweza kukunong'oneza ukimbie, na wala sikukunong'oneza. Kwa hiyo usije na huo msamaha wako kwangu. Wanao wakitaka wakuchukue kwao, wana nyumba zao, sitawazuia. Nyumba hii nimeijenga mimi, na huingii.

Nilikuwa na akili zangu zote siku ile, Baba Anastazia. Ningekuwa na gunia la pili, ningepika tena.

Mimi,
Mkeo kwenye kitabu cha padri, si kwingine.