Fomu ya Dawa ya Maharage

Jumatatu, 6 Machi 1995

Vyoo vya soko la Kirushya vimejaa tena. Nimeandika onyo la tatu. Hakuna atakayelisoma. Mvua tangu asubuhi, baiskeli nimeisukuma kuliko nilivyoipanda.

Ofisini nimekuta bahasha kutoka Dar. Kuna kamati inayochagua kemikali za kuchunguzwa kama zinaleta saratani. Haiwezi kuzichunguza zote, kwa hiyo kila wilaya ipendekeze moja. Bwana Afya wa Wilaya, mkubwa wangu, amenitupia fomu mimi wa kata kwa sababu napenda kulalamika. Ndivyo alivyosema, mbele ya karani.

Ya kwangu naijua. Ile dawa nyeupe ya kuhifadhia maharage.

Alhamisi, 9 Machi

Nimekwenda kwa Dada Skola. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Tumbo limevimba, kitenge hakilifichi tena. Daktari wa Mwanza alishasema ni saratani ya ini. Nilimuuliza kama yaweza kuwa imeletwa na ile dawa, maana Skola ameichanganya kwa mikono mitupu kila mavuno, mwaka wa tisa huu. Akajibu huenda, na huenda siyo, haijawahi kuchunguzwa.

Kumponya siwezi. Kujaza fomu naweza.

Ijumaa, 17 Machi

Maswali ni machache ila yana meno. Jina la kemikali. Watu wangapi wanaigusa au kuila. Kuna ushahidi gani, wa wanyama wa maabara au wa wagonjwa. Kuna dawa nyingine ya kuchukua nafasi yake?

Jina limenila siku nne. Dukani inapimwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo. Wenye duka wanaiita "ile nyeupe". Leo nimepata kopo kuukuu kwa fundi baiskeli, anawekea misumari. Nimenakili jina herufi kwa herufi. Refu kama litania.

Swali la mwisho nimejibu: majivu. Mama alihifadhi kwa majivu ya maganda ya ndizi. Tuliyaacha.

Jumatano, 22 Machi

Niseme ukweli, maana hapa hanisomi mtu. Tuliyaacha kwa sababu yangu.

Mwaka ule wa kwanza nilipoileta dawa, watu waliiogopa. Nilijua dawa ya woga wao. Huku kwetu mwenye nyumba hampi mgeni rubisi, pombe yetu ya ndizi, kabla hajaivuta yeye kwanza kwa mrija, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Basi nikachovya kidole kwenye ule unga mbele ya mkutano, nikalamba. Wakapiga makofi. Skola alikuwa mstari wa mbele, akanunua wa kwanza.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Hapa kichwa kilichoponzwa si changu. Najichukia.

Jumanne, 4 Aprili

Fomu imepita wilayani. Kwenye swali la watu nilikuwa nimeandika kata yetu, na kambi pia, kwa sababu tangu wakimbizi waje maharage karibu yote yanakwenda huko. Mkubwa amepiga mstari kwenye neno kambi. Wale si wetu, anasema, wana wenyewe. Nikapanda lori hadi kambini kuomba waandike wao. Kijana wa ofisi, mpole kabisa, akanieleza kwamba maharage yanatoka vijijini kwenu, hilo ni la kwenu.

Asiyekuwepo na lake halipo. Hawa wapo, umati hadi kule kilimani, na bado lao halipo. Tumebaki kata moja kwenye karatasi.

Jumatano, 14 Juni

Mavuno. Nimeitisha mkutano, nimewaambia warudi kwenye majivu. Wamenisikiliza kwa adabu. Kisha Mama Deo, jirani yake Skola, akasimama: "Bwana Afya, wewe si uliilamba mbele yetu? Na mbona u mzima?"

Wakacheka. Si kwa ubaya. Mwingine akasema wanunuzi wa kambini wanakataa maharage yenye majivu, wanasema ni machafu, na yenye matundu ya wadudu ndiyo kabisa. Skola hakuja, hatembei tena.

Jumatatu, 3 Julai

Kamati imeijibu fomu. Kurasa mbili, lugha nzuri. Kemikali zilizopendekezwa ni nyingi na wataalamu ni wachache. Wameanza na zile zinazogusa watu wengi na zenye ushahidi wa kutosha. Yetu inagusa watu wachache. Ushahidi hakuna. Imewekwa kwenye orodha ya kusubiri.

Nimeisoma mara nne nikitafuta mtu wa kumkasirikia. Hayumo. Ningekuwa mimi kwenye kamati ningechagua vilevile. Lakini ushahidi utatoka wapi kama haichunguzwi mpaka uwepo?

Mwishoni wamesema tukituma kumbukumbu za vifo vya saratani kutoka vijijini, wataitazama upya.

Skola aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia wanaishughulikia. Akasema, "Basi vizuri, Laurenti. Mwanangu asije akaitumia."

Ijumaa, 28 Julai

Skola amefariki alfajiri. Mikono ilikuwa myepesi sana.

Jumanne, 8 Agosti

Matanga yamekwisha. Nimekwenda ofisi ya kijiji kunakili daftari la vifo kwa ajili ya kamati. Mtendaji alinipa kiti na chai, akanipa pole.

Skola yumo tayari. Safu ya sababu: kuugua muda mrefu. Muhuri umeshapigwa. Nimeomba tuandike saratani. Akaniuliza cheti cha daktari kiko wapi. Kilibaki Mwanza. Alifia nyumbani kama wote.

Nikafungua kurasa za nyuma. Mama wa mwenye duka, kuugua. Mzee Bonifasi wa juu kule, yule aliyevimba tumbo, kuugua. Homa. Tumbo. Kuugua. Saratani hakuna hata moja, tangu daftari lianze.

Mwaka juzi mtendaji aliugua miezi kadhaa, nikamshikia kazi. Kurasa zile ni mwandiko wangu. Nimezisoma polepole, jina kwa jina, hadi chai ikapoa. Wengine nawakumbuka matumbo yao. Nimeandika kuugua, kwa wino wa buluu, mistari imenyooka.

Nimemrudishia daftari, nimemshukuru kwa chai. Kesho ni vyoo vya shule.